Nahodha Aliyeomba Kuacha Kafi

Yuma hakupofuka kwa siku moja. Wanaosimulia hivyo ni waongo, na uongo wao hauna hata chumvi. Alipofuka kidogo kidogo, miaka minne mizima, akiwa kazini, amesimama mkiani mwa mtumbwi mkubwa wa Mwinyi Mbaraka na kafi refu mkononi. Mbele yake watu ishirini walipiga makafi yao bila kugeuka nyuma, kwa kuwa nahodha akiwepo, wa nini kugeuka?

Ilikuwa miaka ile ya Waungwana, wale wafanyabiashara wa pwani. Bula Matari, Mzungu wa serikali, alikuwa bado hajaleta bendera yake wala kodi zake. Kindu ilikuwa boma la miti ukingoni mwa mto, mashamba ya mpunga nyuma yake, na ng'ambo ya pili, Alunguli, msitu. Mwinyi Mbaraka, mfanyabiashara aliyetoka pwani na bunduki zake na maneno yake matamu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Mtumbwi wake ulishuka mto na vitambaa, shanga na chumvi, ukapanda na pembe za tembo. Bila mtumbwi ule Mbaraka alikuwa muuza shanga tu, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Yuma alikuwa Mgenya, mtu wa mto. Wagenya husema kwao mtoto huzaliwa na kafi mkononi, na kwa kujisifu hawajambo wale, lakini kwa Yuma ilikuwa karibu na kweli. Aliujua mto kama mama anavyojua upele wa mtoto wake. Na kazi ya mtumbwi mkubwa, kwa asiyeijua, ina watu wawili wakuu. Wa kichwani anasimama mbele kabisa na upondo wake, anatazama maji, akiona dalili ya jiwe anaita upande wa kukimbilia. Wa mkiani, yaani nahodha, anageuza. Lakini nahodha mzuri hangoji kuitiwa. Naye anayasoma maji kwa macho yake, na ile sauti ya mbele inamthibitishia tu alichokwisha kukiona.

Alikuwa na mtoto mmoja, Mauwa. Mama yake alikufa kwa ndui. Mauwa alikuwa amekwisha kuvunja ungo, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na katika Kindu ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kumfurahisha baba. Msichana asiye na mwenyewe alikuwa kama kuku aliyepotea: wa kwanza kumwona, ni wake. Wawili wa rika la Mauwa walikamatwa njiani wakitoka kuteka maji, wakafungwa kamba, wakapandishwa mto, na mpaka leo hakuna aliyesikia habari zao. Mauwa hakuguswa. Alikaa ndani ya boma, na walinzi walimwita "mtoto wa nahodha" na kumpisha njia. Jina lile ndilo lililokuwa ukuta wake. Siku Yuma atakapoweka kafi chini, atakuwa mtoto wa nani? Wa mtu tu.

Basi sasa mnajua kwa nini alificha.

Ulianza usubi, wale inzi wadogo weusi wa kwenye maji ya kasi. Waliuma, ngozi ikawasha, Yuma akajikuna mpaka miguu ikawa kama gome la mti. Halafu macho. Kwanza yalikataa jioni. Akasema, si kitu, jioni hatusafiri. Halafu yakawa yanaona mbele tu, pembeni ukungu. Akajiwekea mpaka: siku nisipoweza kuona migongo ya wapiga kafi wote ishirini, naacha. Siku ile ikafika, akaona kumi na mbili. Akasogeza mpaka. Nisipoona kumi, naacha. Ikafika. Nisipomwona Kalume kule kichwani, Wallahi naacha. Ee, mipaka ya mtu mwenye hofu ina miguu!

Kalume alikuwa mtu wake wa kichwani, walikuwa wametahiriwa siku moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Kalume alijua. Alianza kuita mapema kuliko zamani, na kuita hata mawe ambayo kila mtoto wa mto anayajua, kwa majina ambayo Wagenya huzipa pande za mto. "Mume! Mume tena! Mke sasa, taratibu!" Watu wakamcheka, wakasema Kalume anazeeka, anaogopa hata povu. Alicheka nao.

Siku moja, walipokuwa wamekaa wakitengeneza pondo, alimwambia waziwazi.

"Ndugu yangu, acha hii kazi."

"Na Mauwa?"

Kalume akachonga upondo wake muda mrefu. "Mimi sisemi Mauwa si kitu," akasema. "Ninasema watu ni ishirini, na wao iko na watoto."

"Weye ukiwa pale mbele, hakuna kitu kitafika."

"Na miye nikifa?"

"Usife," Yuma akasema, na wote wawili wakacheka, kicheko kile cha kumaliza maneno.

Akafa. Kichomi, siku tatu, akaenda. Yuma alimzika, akarudi nyumbani, akakaa chini akijua kwamba ule mpaka wa mwisho umepita na yeye yupo bado upande huu. Angekwenda siku ile ile kwa Mbaraka. Alisimama hata, akafika mlangoni. Mauwa alikuwa uani anatwanga mpunga na kuimba, na walinzi wawili wapya walikuwa wameegemea uzio wanamtazama, na mmoja akasema, "Angalia, yule njo mtoto wa nahodha," na mwenzake akageuza uso haraka. Yuma akarudi ndani. Jamani, nani angetoka?

Mbaraka akamweka Hamisi kichwani. Hamisi alikuwa mtumwa wake, aliyekuja naye tangu Mrima, mtu mwaminifu, mwenye kifua na sauti ya kuita watu msikitini, na macho makali. Neno baya juu yake sina. Ubaya ulikuwa katika neno lenyewe.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mtu alipofia. Mtu wa pwani huuita mkono wa kulia mkono wa kuume. Akisema "kuume", anasema kulia kwake, popote alipoelekea. Wagenya hawana habari na mkono. Kwao mto wenyewe una mume na mke. Ng'ambo ya Alunguli, kwenye msitu walikokwenda kuwinda wanaume, ni upande wa mume. Ng'ambo ya Kindu, kwenye mashamba na vyungu, ni upande wa mke. Ushuke mto, upande mto, ulale chali ndani ya mtumbwi, mume hahami kwake. Sasa, ukishuka na maji, Alunguli iko kulia kwako, kwa hiyo kuume ya Hamisi na mume ya Yuma vinakwenda pamoja. Lakini geuza mtumbwi, uanze kupanda mto. Alunguli inakuja kushoto. Kuume ya Hamisi imehamia upande wa Kindu, na mume ya Wagenya imebaki pale pale msituni.

Walishuka salama. Siku tano Hamisi aliita kuume na kushoto, na Yuma akageuza barabara, na wapiga kafi wakasema huyu mtu wa pwani si haba. Hata Yuma alianza kupumua. Usiku alilala. Alifikiri, labda Mungu ameniletea Kalume mwingine.

Wakapakia pembe, wakaanza kupanda. Siku ya kwanza walikwenda kando kando ya ukingo kwa pondo, hakukuwa na haja ya kuita. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, wakafika mahali wanapopaita Meno, ambapo mawe yamelala chini ya maji, na alama yake ni mkunjo mdogo tu juu, kama nguo iliyokunjwa vibaya. Hamisi aliuona mkunjo. Ulikuwa kushoto, upande wa Alunguli. Akaita kwa sauti yake yote, "Kuume! Kuume, nahodha!"

Yuma akasikia mume. Akalaza kafi lake na kuwapeleka upande wa mume, kwenye jiwe lenyewe.

Mtumbwi ulilia kama mti unaoanguka. Ukapinduka, pembe zikazama, watu wakashikana, wakashika mbao, wakashika mizizi ya ukingoni. Yuma alitoka akiwa na kafi bado mkononi. Waliitana majina. Sumaili hakuitika. Sumaili ndiye aliyekuwa mwimbishaji wao, kijana aliyeoa mavuno yaliyopita, mwenye kuwatania wazee mpaka wakasahau mikono kuuma. Walimkuta kesho yake amekwama kwenye matete. Waliuinua mtumbwi, wakaziba ufa, wakarudi Kindu naye bila mtu kuimba.

Mbaraka akaitisha baraza. Pembe zilizozama zilikuwa zimemkausha uso.

"Hamisi. Uliita nini?"

"Kuume, Mwinyi."

"Na jiwe lilikuwa wapi?"

"Kushoto, Mwinyi. Haki ya Mungu."

"Nahodha, sasa kwa nini umekwenda kushoto?"

Kabla Yuma hajafungua mdomo, wapiga kafi waliruka wote. Aliita mume, Mwinyi! Mume ni Alunguli! Nahodha alikwenda alikoambiwa! Hata sisi tulisikia mume! Wakaeleza, wakachora mto kwenye vumbi, wakagombana na watu wa pwani waliokuwa barazani, na mwisho Mbaraka akaelewa. Akamgeukia Hamisi.

"Miaka yote hii umekaa na watu hawa. Neno moja hukujifunza?"

Akaamuru atiwe mnyororo. Atapanda na msafara ujao, atauzwa huko mbele, angalau arudishe kitu cha hasara. Hamisi hakulia. Walipokuwa wanamvuta, alimgeukia Yuma, na hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Nahodha, weye ulikuwa na macho. Kwa nini hukutazama maji?"

Hakuna aliyelisikia swali lile. Yaani walilisikia, lakini hawakulichukua. Yuma peke yake alikwenda nalo nyumbani.

Siku tatu hakula. Mjane wa Sumaili alikuja, na unajua alikuja kufanya nini? Kumpa pole! Alipiga magoti mbele yake akamshukuru kwa kumtafuta mumewe kwenye matete. Yuma alitamani ardhi ipasuke. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo wanavyosema, lakini kwake kilio kilikuwa kimekuja na bado hakikumfichua, kilikwenda kwa jirani. Angeweza kukaa kimya. Watu wote walikwisha kukubali kwamba neno ndilo lililoua. Angepewa mtu mwingine wa kichwani, Mgenya, mwenye kuita mume na mke, na maisha yangeendelea. Mpaka jiwe lingine.

Siku ya nne asubuhi Mauwa alimwekea bakuli la ugali mbele, akakaa.

"Kula, baba. Iko pale pale pa siku zote."

Yuma alinyoosha mkono, akausimamisha katikati. "Kwa nini unasema pale pale?"

"Kwa sababu tangu mvua za mwaka jana sijalisogeza hata kidogo. Nikilisogeza unalitafuta kwa vidole."

Basi alijua. Mtoto alijua mwaka mzima, akafagia njia ya baba yake kila asubuhi asijikwae, akanyamaza. Yuma akafunika uso.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaficha vizuri, nikaona nikusaidie."

"Mama," akasema, kwa maana alimwita hivyo siku zote, kwa kuwa Mauwa lilikuwa jina la mama yake Yuma mzazi, "nikiacha kafi, watakuchukua. Unafahamu? Hii kazi si kitu, mto si kitu. Ni weye."

"Ninafahamu."

"Sasa unataka miye nifanye namna gani?"

Mauwa akasema, bila ukali, "Sumaili naye alikuwa mtu wa mtu, baba. Na yule anakaa kwenye mnyororo, alisema kweli."

Yuma alilia, na hakuona haya. Alimkasirikia kwa kusema, akajikasirikia kwa kuhitaji kuambiwa na mtoto. Kisha akala, akamaliza bakuli zima, akanawa, akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Alikata shauri waondoke Kindu baada ya kuungama. Kuna ndugu wa mama yake mbali huko Obokote, ndani ya msitu. Angemwomba Mwinyi ruhusa ya kurudi kwao kama mzee aliyechoka. Labda kwa miaka aliyotumika angepewa. Mtu anayezama hushika hata jani.

Mbaraka alikuwa anakunywa kahawa barazani. Akamkaribisha, akamuuliza hali. Yuma hakukaa.

"Mwinyi, nimekuja kuacha kazi. Hamisi hana kosa. Miye sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni, Mwinyi. Hata weye sikuoni. Ninaona weupe pale ulipo, labda ni kanzu."

Kikombe kilitua juu ya sinia. Mbaraka akainuka, akaja karibu, Yuma akasikia manukato yake na upepo wa mkono ukipita mbele ya uso. Mara moja, mara mbili.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Subhanallah," akasema Mbaraka. Kisha akamwita mlinzi. "Mfungueni Hamisi. Mpeni chakula." Yuma alisikia moyo wake ukilegea, akafikiri, kumbe. Kumbe ingewezekana siku zote. Akaanza kusema habari za Obokote, za ndugu wa mama, za uzee.

"Ngoja," Mbaraka akamkata kwa upole. "Ukiondoka, nani atapandisha pembe zangu? Zile zilizobaki ziko ghalani, na maji yanapanda. Nani mwingine anaujua mto mpaka kule juu, Nyangwe?"

Yuma akafikiri kwa haki, kama anavyofanya fundi akiulizwa kazi yake. "Kalume alijua."

"Kalume amekufa."

"Ndiyo, Mwinyi."

"Umepita Meno mara ngapi huna macho, ukafika salama?"

"Nyingi. Lakini Kalume ndiye..."

"Basi mto umo kichwani mwako. Macho tu ndiyo yamekosekana." Mbaraka akakaa tena, akanywa kidogo. "Na huyu binti yako? Ugonjwa huu umemshika na yeye?"

Yuma alidhani anahurumiwa. Hapo ndipo ninapomlilia kila nikisimulia. Alidhani bwana mkubwa anamuulizia mtoto kama watu wanavyoulizana watoto, na akajibu kwa majivuno ya baba, mjinga yule, maskini yule.

"Hapana, Mwinyi, alhamdulillahi. Mauwa ana macho ya mwewe. Anaona samaki kwenye maji ya matope. Tangu mdogo nilimchukua mtumbwini, hakuna dalili ya maji asiyoijua."

"Vizuri," Mbaraka akasema. "Basi yeye atasimama kichwani."

Yuma hakuelewa. Kisha akaelewa, akapiga magoti.

"Mwinyi, Mwinyi, ni mutoto. Ni mwanamuke. Nimekuja kuacha kazi, Mwinyi, sikuja..."

"Inuka, nahodha. Nani amekutukana? Ninakuheshimu. Hamisi alikuwa na macho, lakini hakuwa damu yako. Mtu hawezi kumgonga mwanawe kwenye jiwe." Alisema hivyo kama anayempa zawadi. "Na hakuna atakayemgusa. Si hilo ndilo unaloliogopa? Atakuwa mtumbwini mwangu, mchana na usiku. Mnaondoka Alhamisi."

Kukimbia? Jioni ile mlinzi aliwekwa mlangoni kwao, kijana mwenye adabu, aliyemwamkia Yuma vizuri kila alipotoka.

Alhamisi wapiga kafi waliingia mmoja mmoja, wala hakuna aliyefanya utani. Habari ilikuwa imeenea; wote walijua sasa kwamba nahodha wao haoni, na wote walikuwa na walinzi nyuma yao kama yeye. Mjane wa Sumaili alisimama ukingoni, na safari hii hakusema pole. Pembe zilipangwa katikati, zikafunikwa mikeka. Yuma akashika nafasi yake mkiani. Akasikia nyayo za Mauwa zikipita ubavuni mwa mtumbwi, nyepesi, zikielekea mbele, na mtumbwi haukuinama hata kidogo alipopanda. Kalume alipokuwa akipanda pale, mtumbwi wote uliinama.

Wakasukumwa. Maji yakashika ubao. Yuma alingoja sauti ya mbele, haikuja. Akasikia makafi, akasikia ndege, akasikia mtu akikohoa.

"Mauwa! Mama! Uko pale?"

"Niko, baba." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa imekaza kama kamba. "Usinisemeshe. Ninaangalia maji."

Walikuwa bado hawajapita boma, na mbele yao kulikuwa na siku sita za mawe.